Bangwe, Kalinzi, Gombe au Nkungwe: maboksi ya jiokeshi ya wapanda milima tuyafiche wapi?

Shemeji yangu wa Tabora kanipigia juzi usiku, anasema wako wanne, mwezi wa saba wanapanda treni waje Kigoma, wanataka kuweka maboksi ya jiokeshi milimani, kila boksi lina jina la mpanda mlima mmoja maarufu, sasa wanauliza wachague mlima gani. Nikamwambia shem swali lako lina majibu manne na matatu kati ya hayo yatakutoa machozi. Akacheka. Nikaona kuliko kumjibu kwa vipande vipande vya voice note acha niandike kila kitu sehemu moja, na wengine mnaofikiria kitu kama hicho msome humuhumu.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, jiokeshi ni kuficha na kutafuta kwa GPS, ule mfumo wa setilaiti unaokuonyesha ulipo. Mwenye boksi anatangaza koordineti, yaani namba za mahali lilipo, wewe unazifuata, ukilikuta unaandika jina na tarehe kwenye kidaftari kilichomo ndani, ukichukua kitu unaacha kingine cha thamani hiyohiyo au zaidi, unalirudisha palepale, basi. Ilianza Mei 2000 Marekani, pale serikali yao ilipozima ule uchakachuaji wa signali ya GPS uliokuwa unawafanya raia wakosee hadi mita mia, siku moja tu baadaye, tarehe 3, jamaa anaitwa Dave Ulmer akaacha ndoo porini Oregon akatangaza ilipo. Ndani aliweka vitu vya kila aina mpaka manati na kopo la maharage. Leo hii chakula ni marufuku kabisa, na ukishaishi na siafu wa huku utaelewa kwanini.

Ila huku kwetu jina lenyewe ndo tatizo la kwanza. Tunatamka jiokeshi, mtu wa kijijini anasikia keshi, na keshi ni hela. Mwaka juzi tulikuwa kijiji kimoja njia ya Manyovu, tumeinama kwenye mawe na simu mkononi, mzee mmoja na jembe lake begani akatukuta. Shikamoo mzee. Marahaba wanangu, mnatafuta nini hapo? Mwenzangu bila kufikiria akajibu, "Tunatafuta keshi mzee." Mzee akatuangalia, akaangalia simu, akaangalia yale mawe, afu akasema kwa upole kabisa, "Kumbe na nyie mna ramani ya Mjerumani."

Yaani alidhani tunatafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani. Tukacheka tukaondoka. Tulivyorudi kesho yake pale chini ya mwamba palikuwa pamechimbwa shimo la kufika kiunoni, na boksi letu halipo. Hawakulipata kwa kuchimba, maana halikufukiwa (kufukia hairuhusiwi kwenye mchezo huu), walilikuta ubavuni mwa jiwe, wakalifungua, wakakuta ushanga, sarafu ya Burundi, na karatasi yenye orodha ya majina ya watu. Sasa we fikiria, Kigoma hii hii, kopo limefichwa mlimani lina ushanga na orodha ya majina. Nani ataamini huo ni mchezo? Tukaitwa kwa mwenyekiti. Saa zima tunaeleza, mwisho akacheka yeye kwanza, akasema kosa letu ni moja tu, hatukupiga hodi.

Kwaiyo kabla sijaingia kwenye milima yenyewe, kipimo changu si urefu wa mlima wala picha zitatokaje. Nauliza: hilo boksi litaangaliwa na nani mkisharudi Tabora? Wanaokagua maboksi kabla hayajatangazwa nao wanauliza hivyohivyo, mtu anayeweka boksi safarini afu anaondoka huwa wanamkatalia mpaka awe na mtu wa karibu wa kulitunza. Na lazima uwe na ruhusa ya mwenye ardhi. Na boksi moja na jingine yawe mbali angalau mita 161, kwaiyo zile ndoto za kujaza maboksi kumi kwenye kilima kimoja sahau.

Tabora nayo niiseme haraka ili shem asinune. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, Kigoma ziwani ni kama 773 tu, ila ni tambarare na miombo. Kwa mchezo wenyewe ni pazuri sana, njia rahisi, watoto wanaweza, baiskeli inafika. Ila boksi la jina la Messner, yule mpanda Everest, chini ya mwembe Tabora shem, hapana, watu watatucheka.

BANGWE NA KATONGA

Hivi ni vilima vya mjini, vile vinavyoingia ziwani upande wa kusini magharibi. Bodaboda kutoka Mwanga, pale pale mjini, unafika, unapanda kidogo, ziwa lote liko chini yako na jioni ukibahatika unaona milima ya Congo kama mtu kaichora kwa penseli. Faida yake ni moja kubwa, mi naishi hapa, boksi likilowa naenda jumamosi nabadilisha daftari. Mgeni mwenye masaa matatu kabla ya treni anaweza akacheza akarudi.

Hasara yake ni watu. Kuna wavuvi, watoto wanaotoka shule, wapenzi waliojificha, mbuzi, na kila mmoja ana macho. Kwenye mchezo huu wasiojua wanatakiwa wasikuone unatoa boksi, na Bangwe hiyo haiwezekani, utakaa umejifanya unapiga picha ziwa nusu saa mpaka yule bwana wa kuchunga mbuzi aje akuulize kama unaumwa. Hapa boksi liwe dogo sana, kile kichupa kama cha filamu ya zamani, lenye karatasi tu.

Na ugumu wa njia sio wa mpanda mlima. Kila boksi linapewa namba mbili, moja ugumu wa kulitafuta na nyingine ugumu wa njia, zote kutoka 1 mpaka 5 na zinapanda kwa nusunusu. Bangwe njia nakupa 2, ukinibembeleza sana 2.5. Kuna ujanja lakini: mahali panapofikika kwa boti tu wanapapa 5, kwa sababu unahitaji chombo maalum. Kwaiyo unaweza kuweka boksi kwenye mwamba wa ziwani ukapata njia 5 bila kutoa jasho, umekaa kwenye mtumbwi unakula ndizi. Mi naona huo ni wizi, ila sheria inaruhusu.

KALINZI

Hapa ndo moyo wangu ulipo na sitajifanya sina upande.

Kutoka mjini unaenda Mwandiga, pale unakata njia ya Manyovu, lami tupu, barabara inapanda inapanda mpaka masikio yanaziba. Kuanzia hapo ni migomba, kahawa, ukungu asubuhi, baridi ya kuvaa koti, huwezi kuamini masaa mawili yaliyopita ulikuwa unatokwa jasho Mwanga. Kalinzi ni kahawa, kila mtu ana kishamba, na upande wa magharibi wa hivyo vijiji milima inafika kwenye kingo na upande wa pili inaporomoka kwenda Gombe na ziwani. Hiyo kingo ndo tunaitaka.

Njia sio za kutengenezwa, ni za watu wanaoenda shamba na kutafuta kuni, zimenyooka juu bila kona kwa sababu mama mwenye mzigo kichwani hana muda wa kuzunguka. Mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Mi nimeshateleza na makalio kutoka juu mpaka kwenye migomba ya watu, mtoto wa darasa la pili akaniokota kofia akaniambia pole babu, na mi sina hata mvi. Njia hizo ni 3.5, na kipande cha mwisho cha mawe ni 4 kwa haki kabisa.

Sasa faida ya Kalinzi kuliko kote: ardhi ina mwenyewe unayeweza kumfikia. Unaenda ofisi ya kijiji, unajieleza kwa mwenyekiti na mtendaji, unaonyesha boksi, unalifungua mbele yao, wanaona hakuna irizi. Kama unataka kuweka kwenye msitu wa kijiji unauliza kamati yao ya misitu, maana vijiji vingi huku vina misitu waliyoitenga wenyewe, miradi ya mazingira ya taasisi ya Jane Goodall imeanza kufanya kazi na vijiji hivi tangu 1994, watu wameshazoea mambo ya ramani na GPS kuliko unavyodhani. Kijana mmoja pale aliniuliza simu yangu inakosea mita ngapi, nikaona aibu sina jibu.

Na ukishapiga hodi unapata mlinzi. Yule mwenyekiti aliyetuita ndo akatupa mjukuu wake, dogo wa kidato cha pili, kila akienda kwenye kahawa anapitia boksi. Siku moja kanitumia meseji, naikumbuka neno kwa neno: "anko boksi lipo ila kuna mjusi amehamia." Nani atakupa huduma hiyo Nkungwe?

Hasara za Kalinzi ni moto. Watu wa Tabora mnajua moto wa porini, ila kwenye mlima mkali moto unapanda haraka kuliko mtu. Kuanzia mwezi wa saba nyasi zimekauka, mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma, na boksi la plastiki lililokaa kwenye nyasi linabaki kitu kama chapati nyeusi. Tumeshapoteza mawili. Kwaiyo boksi linakaa kwenye ufa wa mwamba mtupu, hatua kadhaa mbali na nyasi, hata kama hapo mahali hapapendezi.

GOMBE

Fupi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, iko kama kilomita 16 kaskazini ya mji, boti inatokea Kibirizi. Milima yake imesimama kama ukuta kutoka ziwani, mabonde yana mito, na ukipanda mpaka kile kituo cha juu ambacho Jane Goodall alikuwa anakaa na darubini yake baada ya kufika Julai 1960 utahema vizuri tu. Ila unatembea na muongozaji, huachi kitu, huokoti kitu, na boksi lenye vitu vya kuchezea kwenye eneo la sokwe na nyani ni wazo baya hata kama ungeruhusiwa, maana nyani atalifungua kabla yako na sokwe anashika magonjwa ya binadamu kirahisi. Usinibishie hapa.

Kinachowezekana ni jiokeshi la vituo vingi: mtu akiwa Gombe kihalali kama mtalii anatafuta jibu la kitu kinachoonekana pale, mwaka ulioandikwa kwenye kibao kwa mfano, lile jibu linampa namba za koordineti za boksi ambalo liko nje ya hifadhi kabisa, kule Kalinzi. Hifadhi muiombe ruhusa hata kwa hilo. Kwa hela na muda wa watu wanne wa Tabora naona ni mzunguko mrefu, ila kwa anayependa mafumbo ni tamu.

NKUNGWE

Sasa huyu ndo mlima. Mahale, kusini ya Kigoma zaidi ya kilomita mia, hifadhi tangu 1985, na Nkungwe ndo kilele chake, mita 2,462. Wakilimanjaro watasema hicho ni kichuguu. Sawa. Ila toa 773 za ziwa, unapata karibu mita 1,700 za kupanda kutoka ufukweni, unaanza miguu iko kwenye maji, unapita msitu mnene, unapita mianzi, unatokea juu kwenye majani ya mlimani na upepo. Na kina cha ziwa Tanganyika kinafika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Dunia hapa imepasuka, upande mmoja umezama na upande mwingine umeinuka, na wewe unapanda ule uliobaki juu.

Kwa Watongwe, wenyeji wa huko, mlima huu ni wa heshima, wa mizimu yao, sio mahali pa kwenda kutupa makopo. Hiyo peke yake ingetosha kwangu. Ongeza kwamba barabara haiingii ndani ya hifadhi, mwisho wa yote unapanda boti, ndani kila kitu ni kwa miguu, Nkungwe ni safari ya siku mbili mpaka tatu na unalala njiani kwenye hema, na lazima uwe na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya wanyama. Gharama ya boti ikigawanywa kwa watu wanne bado inauma. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, hilo ni la kushukuru.

Boksi hapo usiweke. Nani atapanda siku tatu kwenda kubadilisha daftari lililolowa? Ila kuna aina ya jiokeshi isiyo na boksi kabisa, inaitwa EarthCache, ilianza 2004 kwa kushirikiana na chama cha wanajiolojia wa Marekani. Mtu anafika mahali, anaangalia miamba au umbo la ardhi, anajibu maswali yako, anakutumia majibu, akipatia anahesabiwa. Ruhusa ya hifadhi bado inatakiwa na maelezo yako lazima yafundishe jiolojia ya kweli, sio hadithi. Na kwa somo la bonde la ufa Nkungwe ni darasa lisilo na ukuta: simama juu, angalia ziwa, angalia ng'ambo Congo, eleza kwanini pande zote mbili zimenyanyuka na katikati kumezama. Swali hilo huwezi kulijibu kwa kugoogle ukiwa kitandani, au basi utalijibu lakini tutajua.

Nikisema kwa mkato: mwenye nusu siku Bangwe, mwenye siku mbili na anataka boksi lenye uhai Kalinzi, mwenye wiki na akiba Nkungwe bila boksi, Gombe nenda kaangalie sokwe.

SIMU AU GPS YA MKONONI

Wanaoanza wanahangaika sana na hili. Kutafuta, simu inatosha, hata hizi za kawaida, GPS haili bando, unachotakiwa ni kupakua ramani ukiwa mjini kwa sababu juu mtandao unakuja na kuondoka. Kwenye Android kuna programu ya c:geo, ya bure. Tatizo la simu ni chaji, na kidole kilicholowa skrini haisikii. Kuficha sasa ni habari nyingine, pale unatakiwa uwe na usahihi, chini ya mwamba simu inaweza ikaruka mita kumi na tano ukawatesa watu bure. Azima GPS ya mkononi kama unaweza, ina betri za kubadilisha na vitufe vya kubonyeza hata na glavu. Kama huna, weka simu juu ya jiwe dakika kadhaa, soma, rudi siku nyingine soma tena, tafuta wastani. Mchezo unatumia nyuzi na dakika zenye desimali tatu, ile desimali ya mwisho ni kama mita mbili tu, kwaiyo usiiandike kizembe.

Na shem nakuomba kitu kimoja, ANGALIA ILE S. Kigoma ni kama nyuzi 4 dakika 52 KUSINI, nyuzi 29 dakika 37 mashariki. Mara ya mwisho uliniandikia N, nikaweka kwenye ramani ikanipeleka Maridi, Sudan Kusini. Nauli ya huko sina.

BOKSI GANI

Majuu wanapenda sana boksi la chuma la risasi la jeshi, halipitishi maji, halivunjiki. Kigoma USITHUBUTU. Tuko mpakani, Burundi ile pale na Congo ile pale, boksi la risasi limefichwa mlimani halitaishia kwa mwenyekiti wa kijiji, litaishia pabaya na wewe ndani yake.

Kopo la bati la maziwa ya unga linavumilia moto ila masika moja tu limeshaoza kutu na mfuniko hautoki. La plastiki lenye klipu nne na ule mpira wa ndani halipitishi maji miaka, ila moto ni kifo chake. Mi nachukua la plastiki na naliweka kwenye ufa wa jiwe, basi. Lisiwe lililowahi kubeba chakula. Tuliwahi kuosha kopo la siagi ya karanga mara tatu kwa sabuni, likanuka sabuni, tukaridhika, wiki mbili baadaye siafu wamejaa mpaka kwenye daftari. Penseli, sio biro. Daftari ndani ya kifuko cha kufunga. Na nje ya boksi kwa maandishi makubwa ya Kiswahili, sisi yetu yanasomeka hivi: HUU NI MCHEZO. MWENYEKITI ANAJUA. SI DAWA. SI MALI YA MJERUMANI.

NANI APEWE WAPI

Hapa ndo mimi na shem tunagombana. Yeye anataka kila boksi lipewe jina kubwa la Ulaya. Mi naona jina lifanane na njia.

Boksi la kwanza Kalinzi, lile rahisi, liwe la mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama muongozaji wa Hans Meyer. Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, na hiyo ilikuwa mara ya tatu Meyer anajaribu. Mlima wa kwetu jina la kwanza liwe la kwetu, na lipite katikati ya mashamba ya kahawa, maana na Marangu nako ni kahawa.

La pili Tenzing Norgay na Edmund Hillary, 29 Mei 1953, Everest. Hawa usiwatenganishe. Miaka kadhaa watu waliwasumbua nani alitangulia kukanyaga na wao wanajibu tulifika pamoja. Kwaiyo mi naona liwe la vituo viwili, kila kituo kinatoa nusu ya namba, na vituo viko kwenye matuta mawili yanayotazamana, mtu na mwenzake wapigiane kelele kuvuka bonde. Dogo wa kidato cha pili kashakubali kulitunza hilo, kaliita boksi la mapacha.

La tatu, kule juu kwenye mawe ya 4, Reinhold Messner. Alipanda Everest 1980 peke yake bila oksijeni ya chupa. Boksi lake liwe moja, mbali, na masharti yaseme wazi usiende peke yako, najua inapingana na habari yenyewe ila sitaki kubeba mtu kwenye machela ya migomba.

Shem anataka pia Wilfred Moshi, Mtanzania aliyefika Everest 2012. Nakubaliana naye, ila liwe Bangwe, mtoto wa shule akipanda jioni alikute hilo jina kwanza kabla ya majina mengine. Na nimemuongezea Cheruiyot Kirui wa Kenya, yule mfanyakazi wa benki aliyefia Everest Mei 2024 akijaribu bila oksijeni. Lake lisiwe kwenye mwamba mkali. Nimeona kuna jiwe moja bapa pale kwenye kingo ambapo akina mama wanatua mizigo wapumzike, ziwa liko chini. Hapo.

Nkungwe nimemuachia mwanamke, Junko Tabei wa Japani. Watafiti wa Kijapani wamekaa Mahale na sokwe tangu miaka ya sitini, kwaiyo jina hilo halitakuwa geni mlimani. Huyu mama 1975 alifukiwa na maporomoko ya theluji kwenye kambi, wakamvuta akatoka, siku kumi na mbili baadaye, tarehe 16 Mei, akawa mwanamke wa kwanza kufika juu ya Everest. Alikuwa mfupi, mita moja na nusu hivi. Hana boksi pale, ana swali tu, na kulijibu inabidi upande wote.

Kwaiyo shem, jibu langu: mwaka huu Kalinzi matatu na lile la jiwe bapa kama zile mita 161 zinatosha, tupime kwanza, Bangwe moja, na barua ya Mahale tuanze kuiandika sasa hivi ili mwakani twende. Jumatatu mi naenda kwa mwenyekiti kupiga hodi kwa niaba yenu, nampelekea boksi tupu alione. Njooni na viatu vyenye meno, koti, penseli dazeni moja, na asali ya Tabora lita tano, moja ya mwenyekiti, moja ya yule mzee wa ramani, hizo tatu zinazobaki msiniulize.